Mama Kwenye Sahani

Kabla hajaanza kumlisha mjukuu wake watu, Mama Keki alikuwa mtu wa kuheshimika mtaa mzima. Miaka thelathini alipamba keki za harusi. Akikuchorea ua la krimu, mkono unakuwasha kulichuma. Magoti yalipomshinda kusimama jikoni kutwa, alifunga duka akahamia kwa mwanawe, fundi wa majokofu, akaja na mfuko wake wa kukamulia krimu, visu vyake vidogo, na mdomo wake. Mdomo ndio uliojaza nyumba.

Mwanawe alikuwa na mke, muuguzi, na binti wa miaka miwili na kitu ambaye kila mtu alimwita Kijiti, kwa sababu alikuwa hali. Si kwamba alichagua chakula, hapana. Hali. Ukimpelekea kijiko anafumba mdomo, ukimbembeleza anageuza shingo, ukimlazimisha anakutapikia mapajani. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito ulikuwa umelala tu, haupandi. Na mama mtu, kutwa kazini, anapima uzito wa watoto wa wenzake na kuwafundisha wanawake kulisha. Aibu hiyo ilimkaa kooni, na Mama Keki aliijua vizuri sana.

Siku moja muuguzi akiwa kazini, Mama Keki alichukua viazi vya kupondwa, akavitia kwenye ule mfuko wake wa krimu, akamkamua kondoo. Manyoya viazi, uso kipande cha yai, macho zabibu kavu mbili. Kijiti akamtazama kondoo, kondoo akamtazama Kijiti, na ndani ya dakika kumi kondoo hakuwepo. Kesho yake kobe wa wali mwenye gamba la tango. Keshokutwa samaki wa parachichi mwenye magamba ya karoti, kila gamba limekatwa peke yake. Miezi miwili haikupita, mstari wa kwenye kadi ukainua kichwa. Muuguzi alimshika mama mkwe wake mikono yote miwili, akamshukuru mpaka machozi yakamtoka. Mama Keki akasema si kitu, mwanangu. Kisha akatoka nje akamwambia jirani kuwa siku hizi kuna watu wana vyeti vya kulea, kulisha kumewashinda.

Muuguzi naye alijaribu, masikini. Siku yake ya mapumziko alimtengeneza sungura, na Kijiti akauliza kama hicho ni kiatu. Mama Keki alicheka mpaka akavua miwani kujifuta macho. Mkwe akameza, akaomba afundishwe. Mama Keki akamjibu kwa upole kabisa kuwa kazi hii inataka mtu aliyezaliwa nayo.

Ndipo ikaja habari ya kozi. Muuguzi alichaguliwa kwenda kusoma miezi minne kwenye mji mwingine, na akimaliza atapangiwa kazi huko huko, familia nzima ihamie. Nyumba ya huko ilikuwa ndogo, ya vyumba viwili. Mwanawe alimweleza Mama Keki jambo hilo Jumapili baada ya chakula, huku anachokonoa meno: yeye mama atabaki hapa, watamtafutia mtu wa kumsaidia kazi. Mama Keki alisema ni jambo jema, Mungu awatangulie. Halafu akaingia chumbani, akakaa kitandani, akajiona amekatwa maini.

Tusimwonee. Alimpenda yule mtoto, alimpenda mpaka akili ikamruka. Tangu afunge duka hakuna mtu duniani aliyekuwa akiisubiri kazi ya mikono yake isipokuwa Kijiti, aliyekaa kwenye kiti chake kirefu akipiga meza kwa viganja kabla sahani haijatua. Sasa wamchukue? Mama Keki alimjua mwanawe. Ni mtu wa kufuata pale pasipo na kelele. Kama siku ya kuondoka mtoto atamlilia bibi yake na kumkimbia mama yake, atakuna kichwa na kusema basi abaki, akikua kidogo tutamfuata. Kwa hiyo kazi ilikuwa moja tu: miezi minne, mtoto amsahau mama.

Muuguzi alipoondoka, siku tatu za kwanza Kijiti alisimama mlangoni akilia mama, mama, na hata kondoo hakumtaka. Ya nne, Mama Keki alimtengeneza mama. Mwili wa wali mweupe, ndiyo sare. Uso duara la kiazi, nywele uzi wa mchicha uliosukwa tatu tatu, mdomo nyanya, na ndani yake meno mawili ya ute wa yai yenye mwanya katikati, maana muuguzi alikuwa na mwanya. Mikono karoti, miguu karoti. Jamani, alifanana. Kijiti alinyamaza, akaikumbatia sahani, na hakutaka kuigusa.

"Mle," Mama Keki akamwambia. "Ukimla anakaa tumboni, hawezi kwenda kazini."

Na hapo, sikufichi, alisema kwa huruma. Alitaka tu mtoto anyamaze. Kijiti alimla mama mzima, akajipapasa tumbo, akalala mchana kwa mara ya kwanza tangu siku ya safari. Lakini Mama Keki alipokuwa anaosha ile sahani alihisi kitu kitamu kifuani, utamu wa mtu aliyekuna mahali palipomwasha muda mrefu. Wapo wanaowala wenzao kisogo. Yeye aliona hata hilo ni kujinyima. Kesho yake akamtengeneza tena, na shingo akaifanya ndefu kuliko ilivyo.

Wiki ya pili akaweka na wimbo. Kijiti alikuwa anajifunza kusema, kila neno analidaka, na kula kwa wimbo kunakwenda haraka. Wakaanza na mdomo: mdomo, asiseme. Kisha macho: macho, asione. Mikono, asishike. Mwisho miguu, na hapo Mama Keki alikuwa anamtekenya mtoto nyayo, na mtoto anapiga kelele za furaha: miguu, asirudi! Kila siku saa saba mchana, mara moja, bila kukosa. Mstari wa kwenye kadi ulipanda mpaka muuguzi wa kliniki, mwenzake mama mtu, akauliza bibi anampa nini huyu mtoto. Mama Keki akasema upendo tu.

Mama mtu alikuwa akipiga simu kila siku akitoka darasani. Mwanzoni Kijiti aliitwa akaongea. Baadaye ikawa amelala, anaoga, yuko kwa jirani, betri inakufa, naona unakatika katika mwanangu. Siku moja alipiga mapema, saa saba ile ile, na Mama Keki akamwambia mtoto ana usingizi leo, huku Kijiti yupo mbele yake anamtafuna jicho. Muuguzi akaomba amwekee simu sikioni hivyo hivyo akiwa amelala, asikie sauti tu. Mama Keki akaiweka simu juu ya friji dakika mbili nzima, kisha akaichukua na kusema ametabasamu. Muuguzi alimshukuru. Roho haikumsuta Mama Keki hata kidogo. Alirudi mezani akauliza wamefika wapi.

Muuguzi alirudi siku ya Jumamosi, amekonda, ana begi na mwanasesere wa kitambaa. Alifika mlangoni akachuchumaa, akafungua mikono. Kijiti alimtazama kwa udadisi, kama unavyomtazama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme, kisha akajificha nyuma ya gauni la bibi yake. Muuguzi alibaki na mikono yake wazi. Mama Keki akasema watoto ndivyo walivyo, atazoea, ila kumhamisha sasa hivi itakuwa kumwonea. Fundi wa majokofu akakuna kichwa. Alisema labda kweli, labda tusiharakishe. Mkewe alishusha mikono. Aliomba maji ya kunywa.

Alikuwa ameshashinda, yule bibi. Angepika wali na maharage akapakua kawaida, hadithi ingeishia hapo na mtoto angekuwa wake. Lakini mtu aliyezoea kusifiwa kwa mikono yake hawezi kupakua kawaida siku ya wageni. Tena alitaka mkwe aone. Aliingia jikoni akamtengeneza mama kuliko siku zote: sare imepigwa pasi kwa mgongo wa kijiko, mwanya umekatwa kwa ncha ya kisu, hata saa ya wauguzi ile inayoning'inia kifuani aliiweka, ya punje ya mahindi. Akaileta mezani mwenyewe, akasema ni zawadi ya kumkaribisha, na kwamba hivi ndivyo alivyokuwa akimkumbusha mtoto mama yake. Muuguzi aliitazama ile sahani, akajishika mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu afike akatabasamu. Alimwita Mama Keki mama yangu. Alisema hajui amlipe nini.

Kijiti akapiga meza kwa viganja vyake. Mama Keki akamnong'oneza ale tu, leo bila kelele. Lakini mtoto umemfundisha miezi minne, utamnyamazisha kwa mnong'ono mmoja? Alichomoa nyanya akaiinua juu wote waione.

"Mdomo, asiseme."

Baba yake akacheka, akasema duh, mtoto anajua kuongea. Zikafuata zabibu: macho, asione. Muuguzi aliacha kutabasamu lakini hakusogea. Mama Keki alinyoosha mkono akasema sahani imepoa, akaipashe moto, na mkwe akamshika kifundo cha mkono, taratibu, akakirudisha mezani na kukishikilia pale pale. Mikono, asishike. Mtoto akatafuna karoti zote mbili bila haraka. Kisha akavua kiatu kwa kuwa sehemu tamu ilikuwa imefika, akamnyooshea bibi yake unyayo ili atekenywe, na kwa sauti kubwa kabisa akamaliza wimbo.

Fundi wa majokofu aliangalia sahani yake. Huyo ndiye mwanamume wa nyumba. Muuguzi hakulia wala hakupaza sauti. Alimgeukia mtoto, akamwomba amfundishe wimbo tangu mwanzo, kwa sababu ni mzuri. Kijiti alifurahi kupata mwanafunzi. Wakaimba wote wawili mara tatu, mama mtu akirudia kila neno kama mtu anayeandikiwa dozi, macho yake usoni kwa Mama Keki. Kisha akaachia ule mkono, akainuka kwenda kufunga begi la mtoto. Kesho yake asubuhi waliondoka. Kijiti alimlilia bibi yake kuanzia mlangoni mpaka kona, na safari hii hakuna aliyekuna kichwa.

Mama Keki alipiga simu kila siku. Kwa wiki tatu simu ikaita mpaka ikachoka. Alimlilia mwanawe, akamtumia watu, akasema atakufa na kihoro, na kwamba akipewa ruhusa atapanda basi kwa magoti yake haya haya mabovu akamwone mtoto hata saa moja. Mwishowe, siku moja mchana, simu ikapigwa kutoka upande wa pili, ya picha, na uso uliotokea ulikuwa wa mkwe.

"Shikamoo, mama," muuguzi alisema, kwa adabu yake yote. "Alikuwa anakulilia sana, hali. Nikaona nifanye kama ulivyokuwa ukifanya wewe."

Akageuza simu. Kijiti alikuwa amekaa mezani, mashavu yamejaa, na mbele yake kuna sahani. Kazi mbovu, Mama Keki aliiona upesi hata kabla hajaielewa: kiazi kimekatwa upande, wali umemwagika nje ya mstari. Lakini kilemba cha ganda la nyanya alikijua. Miwani ya vipete vya kitunguu aliijua, na lile baka jeusi pembeni ya pua, la punje ya pilipili manga, alilijua zaidi. Mdomo haukuwepo tena. Jicho moja halikuwepo.

Aliita. Aliita Kijiti, mjukuu wangu, kipenzi, bibi yuko hapa, tazama huku. Mtoto aliinua kichwa akakitazama kioo cha simu, akaitazama sahani, akalinganisha. Kisha akaweka kidole juu ya kile kiazi.

"Bibi huyu hapa," alisema, na kwa kuwa simu ilikuwa inampigia kelele wakati wa kula, akailaza kifudifudi.

Mama Keki akabaki na giza na sauti ya kutafuna. Angeweza kukata simu. Hakukata. Aliibana sikioni kwa mikono yote miwili, akasikia kijiko kinakwaruza sahani, na sauti ya mkwe wake, laini, haina hasira hata chembe:

"Kula mwanangu, bibi anapoa."