Kiti Kimoja cha Mbele

Mtaka cha mvunguni na ainame, ndivyo tulivyolelewa. Mimi nasema mtaka kiti cha mbele kwenye ndege na asimame wima, atazame watu usoni na aseme anachotaka, hata kama shangazi yake anamvuta sketi kwa nyuma ili anyamaze.

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Nami ni fundi, kwa sababu yeye ndiye aliyenishikisha sindano kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Nguo iliyotupandisha ndege ilikuwa gauni la harusi la dada yangu, ambaye anaishi ng'ambo na alikuwa anaolewa huko huko. Alikuwa amekataa kununua la dukani. Alisema ataingia ukumbini na gauni la shangazi au asiingie kabisa, na anayemjua dada yangu anajua kwamba huo haukuwa utani.

Juu, gauni lilikuwa la kawaida tu. Maajabu yalikuwa kuanzia kiunoni: marinda membamba kama njiti za kiberiti, yakishuka mpaka sakafuni bila kugusana. Marinda ya namna hiyo hayatoki kwenye pasi. Kitambaa hubanwa katikati ya kalibu mbili za karatasi ngumu, hufungwa kwa kamba, hupigwa mvuke, kisha huachwa kipoe taratibu kama mgonjwa aliyetoka homani. Ukilikunja gauni, marinda yanakufa. Ukitaka kuyafufua unarudi kwenye kalibu, na kalibu za shangazi ni ndefu kuliko mlango wa karakana. Hazisafiri.

Basi tulishona mfuko mrefu wa kulihifadhi na tukachonga hanga ya mbao yenye mabega ya mwanajeshi. Tulijisifu. Hakuna aliyejiuliza tutalitundika wapi. Sisi tumezoea karakana, ambako kila ukuta una msumari, na kwa akili zetu za kifundi tulidhani ndege nayo ina misumari yake.

Aliyetuzindua ni fundi mwenzetu wa kukata suruali, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Siku tatu kabla ya safari alituletea simu yake, akatuonyesha picha ya ndani ya ndege. Viti, viti, viti, na juu yake vikabati vya kusukumia mabegi. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Shangazi aliitazama picha ile kama mtu aliyeonyeshwa nyumba yake ikiungua.

Redio hajapanda ndege hata ya maonyesho, lakini dawa alikuwa nazo tele. Vaeni suti, alisema, wahudumu wakiona suti wanakupeleka mbele wenyewe. Jipulizeni manukato. Semeni mko fungate. Nikamuuliza fungate ya nani na nani, mimi na shangazi yangu? Akasema hilo ni la kufikiria njiani.

Mimi nilikaa na tovuti ya shirika la ndege nikaisoma kama mtihani. Nikajua kwamba kabati la kutundikia nguo lipo, lakini liko daraja la juu, mbele, na linahudumia abiria wa huko. Nikapiga simu kuuliza kama wanaweza kutuwekea gauni tu, sisi wenyewe tukae nyuma. Dada wa huduma kwa wateja akanijibu vizuri kwamba makoti ya wa mbele yanatangulia, na ikibaki nafasi, labda. Labda haivishi bibi harusi.

Njia za kuhamia mbele nazo nikazijua. Wanaosafiri kila mara wana kadi na pointi zao. Sisi hatukuwa nazo. Unaweza kununua tiketi ya juu tangu mwanzo. Tulishachelewa, na bei yake ilinifanya nifunge simu kwa heshima. Iliyobaki ilikuwa dau: unaandika kiasi unachoweza kuongeza, viti visipouzwa wanachagua madau, na ukikosa hukatwi kitu. Nikaweka dau kwa akiba yangu yote ya kununulia cherehani mpya. Shangazi sikumwambia.

Sikumwambia kwa sababu shangazi ana dini yake ndogo ya pembeni, na amri yake ya kwanza ni kwamba sisi hatuombi. Anasema mtu wa kwetu husubiri mpaka aitwe. Kwa amri hiyo amewahi kukaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi mpaka wafagiaji wakamwinulia miguu, kwa kuwa aliona kuuliza zamu yake ni kujidhalilisha.

Tulipokuwa kwenye foleni uwanja wa ndege, mfuko wa gauni ukiwa juu ya mikono yetu kama majeruhi, simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa shirika. Wanasikitika, hawakuweza kukubali dau langu kwa abiria wawili.

Moyo ulinishuka mpaka kwenye soksi. Nikausoma tena. Na mara ya pili jicho langu likanasa pale mwishoni: kwa abiria wawili. Hawakusema hapana. Walisema hapana kwa wawili.

Nikajikuta natabasamu. Ilikuwa ile raha ya kuona uzi uliopotea ukichungulia kwenye pindo. Tulipofika kaunta niliweka pasipoti zetu, nikasimama wima, nikamuuliza mama wa kaunta kama mbele kuna kiti kimoja.

Alikuwa mwanamke mpana mwenye miwani ya kamba, na alinitazama juu ya miwani hiyo. Akagonga vitufe. Akasema kimoja kipo, lakini sisi tumekatiwa tiketi pamoja, safari moja, namba moja, na mtambo hauwezi kumpandisha mmoja na kumwacha mwingine.

"Basi tutenganishe," nikasema.

Hapo ndipo sketi yangu ilipovutwa. Shangazi aliniuliza kwa sauti ya chini, ile ya hatari, nataka nini kwa watu. Nikamweleza yote kwa haraka: kabati, dau, kiti kimoja. Nikamwambia atakayekwenda mbele ni yeye na gauni lake. Uso wake ukafunga kama duka siku ya msiba. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege, na mimi nilikuwa nimemwahidi, mbele ya karakana nzima, kwamba sitatoka ubavuni mwake tangu mlangoni mpaka mlangoni.

Mama wa kaunta akasema kutenganisha kunahitaji idhini ya msimamizi, na msimamizi yuko langoni. Dau nalo limeshafungwa, lakini kiti kikiwa bado wazi wakati wa kuingia, kinauzwa palepale. Kisha akainama kidogo, akaongeza kwamba daraja la nyuma wameuza zaidi ya viti vilivyopo, kwa hiyo huenda msimamizi akafurahi kuona mtu mmoja anahamia mbele kwa hiari yake. "Kimbieni," akasema. "Lakini msiseme nimewaambia mkimbie."

Tulikimbia. Nani amewahi kukimbia na gauni la harusi mita nzima na nusu, akiwa ameshika upande mmoja na shangazi aliyenuna ameshika upande wa pili? Tulipita maduka ya vinywaji na mikoba, tulipita wanaume waliolala wakikumbatia mabegi, mtoto akamwambia mama yake kwamba wale wameiba mtu. Shangazi hakunisemesha neno, lakini upande wake wa hanga haukushuka hata mara moja. Fundi ni fundi hata akinuna.

Langoni msimamizi alikuwa kijana mwenye tai iliyofungwa vibaya, na watu wamemzunguka kama nzi na embe. Wawili walikuwa wamenyimwa viti na walitaka kujua kosa lao. Sikusukumana. Nilisimama mahali anapoweza kuniona, nikainua mfuko juu, na aliponitupia jicho nikamwambia kwamba mimi nampa kiti cha nyuma kitakachomtuliza mmoja wa hawa, yeye aniuzie cha mbele. Nikasema wazi ni kwa ajili ya shangazi yangu na hili gauni, harusi ni kesho asubuhi, na haliwezi kukunjwa.

Akalitazama gauni. Akawatazama wale wawili. Akamwuliza shangazi kama ameridhia kutenganishwa na mwenzake.

Neno lake ndilo lilikuwa limebaki. Shangazi alikaza midomo, akasema haendi popote bila mtoto wake, na hajamtuma mtu kuomba.

Nilimsogelea. Sikuwa na muda wa kubembeleza; abiria walikuwa wameshaanza kuingia.

"Gauni hili lina mama mmoja tu," nikamwambia. "Nikilipeleka mimi, mhudumu akitaka kulikunja nitabishana naye. Ukilipeleka wewe hatathubutu."

Akaunyoosha mfuko wa gauni kwa kiganja. Kisha akamgeukia yule kijana, akasema, "Nimeridhia. Na tai yako irudie kufunga."

Mashine ikatema kadi mpya ya kupandia ndege, kiti cha safu ya pili. Akiba yangu ikaenda zake. Shangazi akachukua kadi, akachukua gauni lote peke yake, akaingia bila kugeuka nyuma.

Kiti changu kilikuwa cha katikati, safu ya mwisho, jirani na choo. Kushoto nilikuwa na mzee aliyekoroma kabla injini haijawashwa. Kulia alikaa mmoja wa wale wawili waliokosa viti, na hakujua kwamba anakalia kiti cha shangazi yangu. Ndege ilipoanza kukimbia nilishika mikono ya kiti nikamwaza shangazi peke yake mbele kule, mkanda haujui, mlio wa magurudumu haujui. Tulipoinuka tumbo langu lilibaki chini. Nikajiuliza lake liko wapi.

Taa ya mikanda ilipozimika nilimwita mhudumu, nikamweleza. Nikamwomba amuulize shangazi anaendeleaje na gauni liko wapi. Akaenda, akapotea nyuma ya pazia. Aliporudi alikuwa anajizuia kucheka.

"Gauni limetundikwa," akasema. "Yeye anasema hakujui."

Nilicheka mpaka mzee akaacha kukoroma. Limetundikwa. Nilimwomba alirudie neno hilo, akalirudia.

Baadaye akapita tena, bila kuitwa, akaniambia kwamba shangazi ametoa makoti yote kabatini na kuyapanga upya, mazito pembeni, mepesi katikati, na amemwelekeza mhudumu wa mbele namna ya kushika bega la koti. Baadaye tena akaniambia kiti kimelazwa na bibi amelala chali, amejifunika mpaka kidevuni. Na karibu na mwisho wa safari aliniletea kifurushi cha kitambaa cheupe cha mezani. Ndani kulikuwa na mkate mdogo wa moto na kipande cha siagi. Kulikuwa na ujumbe pia, wa mdomo: kula, lakini bado nimekasirika.

Tulipotua nilikuwa wa mwisho kutoka. Nilimkuta anasubiri mwisho wa korido, gauni mikononi, miguuni amevaa soksi nene za shirika la ndege juu ya zake. Alikuwa amenawiri kama mtu aliyerudi likizo. Hakunisalimu. Alinipa upande wangu wa hanga, tukaenda.

Kesho yake asubuhi, chumbani kwa dada yangu, mama, aliyekuwa ametangulia huko, na mama mkwe na mashoga wa bibi harusi wakiwa wamebanana mpaka kwenye dirisha, shangazi alitundika mfuko juu ya mlango wa kabati. Akashusha zipu taratibu. Rinda la kwanza likachomoza, kisha mengine, kisha yote kwa pamoja, yakajiachia mpaka sakafuni, kila rinda mahali pake, wima, safi, kana kwamba kalibu ilikuwa imefunguliwa dakika hiyo. Dada yangu alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mama mkwe, ambaye nilikuwa nimeambiwa kwamba hasifii kitu, akauliza kama fundi huyu anapokea kazi za mbali.

Walimvisha. Akageuka mara moja, marinda yakafunguka na kujifunga yenyewe, na chumba kizima kikapiga vigelegele.

Shangazi alisubiri kelele zitulie. Kisha akanigeukia, mikono kiunoni, mbele ya wote.

"Kitanda cha mbele ni kizuri, sikatai," akasema. "Mkate ulikuwa wa moto. Gauni ndilo hili. Lakini uliniahidi, ukaniacha peke yangu hewani, na ukasimama mbele za watu ukaomba kwa jina langu. Niombe radhi."

Kila mtu akanitazama. Mama akanikonyeza, maana yake sema tu yaishe. Dada yangu, ndani ya marinda yake, akashusha macho.

Nilisimama wima.

"Shangazi, nakupenda na nakuheshimu, na sindano ya kwanza nilipewa na wewe. Lakini radhi siombi. Na siku ya kurudi, kikiwepo kiti kimoja mbele, nakutenganisha tena."