Nusu Saa ya Mwalimu Jinadasa

Kwa miaka sita Mwalimu Jinadasa na Ukkubanda hawakunywa chai meza moja, na walikuwa marafiki tangu shuleni. Wangegombania shamba, ningewaelewa. Waligombana kwa sababu ya Heenmenike, mama mmoja muuza maua, na swali lenyewe lilikuwa hili: aaminiwe au asiaminiwe?

Mheshimiwa Galagoda alipigwa risasi mwezi wa Julai, mwaka tisini na sita, saa kumi na moja na robo jioni, karibu na lango la hekalu la mji wao kule upande wa Kurunegala. Heenmenike alikuwa akiuza yungiyungi langoni hapo. Alisema alimwona Wijepala, dereva wa mahasimu wa marehemu, akikimbia na bastola mkononi. Lakini tume ya kuchunguza mauaji yale ilipomhoji miaka mitano baadaye, alisema ilikuwa saa kumi na robo. Saa nzima kabla ya mauaji.

Mwaka ule wa mauaji serikali ilikuwa imesogeza saa mbele, na hekalu likakataa, likabaki na saa ya zamani, ile aliyoifuata Heenmenike. Jinadasa, aliyekuwa akiandika kitabu juu ya kifo kile, hakulisahau hilo, mjinga hakuwa. Tofauti ya saa mpya na ya zamani ni nusu saa, kila mtu alijua. Akampa mama wa watu nusu saa yake, bado ikapungua nusu nyingine. Akaandika: “Shahidi huyu haaminiki. Alimwona muuaji akikimbia kabla mtu hajauawa.”

Mji mzima ulicheka. Watoto wakawa wanapita langoni na kumwuliza, “Bibi, kesho anauawa nani?” Tume nayo ikaunukuu mstari ule katika ripoti yake, na Wijepala akaenda zake nyumbani.

“Yule mama alikuwa na faida gani ya kusema uongo?” Ukkubanda alimwuliza rafiki yake siku ile ya mwisho. Alikuwa tarishi wa posta, na watu wa mji ule aliwajua mlango kwa mlango.

“Huruma yako si ushahidi, bwana.”

“Wewe unaamini karatasi tu. Haya. Siku karatasi ikikuumbua, usinitafute.”

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na ya Jinadasa yaliletwa na mjukuu kweli. Nadeesha, mtoto wa binti yake, alivunja ungo akiwa na miaka kumi na mitatu, na mnajimu akataka hati yake ya nyota ili achague saa njema ya kumwogesha. Hati ilikuwa kabatini kwa babu. Babu akaifungua, akasoma: amezaliwa mwezi wa Juni, mwaka tisini na sita, saa mbili na dakika ishirini asubuhi kwa saa mpya, saa moja na dakika ishirini kwa saa ya zamani.

Alisoma tena na tena. Hapo ndipo kumbukumbu ilipomrudia. Mwezi wa Mei mwaka ule serikali ilisogeza saa nzima, na Oktoba ikarudisha nusu. Watu wakaishi na ile nusu miaka karibu kumi, hata wakasahau ile miezi mitano ya mwanzo. Galagoda aliuawa ndani ya miezi ile. Saa kumi na robo ya hekalu ilikuwa saa kumi na moja na robo barabara.

Akaibeba hati mpaka kwa Ukkubanda.

“Si nilikwambia usinitafute?” Lakini aliisoma, kisha akavua miwani. “Usinililie mimi. Nenda kwake. Na uende na tambuu.”

Heenmenike alikuwa ameacha kuuza maua siku nyingi. Jinadasa alimkuta uani, akapiga magoti mbele yake na kumnyoshea majani ya tambuu kwa mikono miwili, kama mtu anavyomwomba radhi mzazi.

“Mama, ulisema kweli. Mimi ndiye niliyekosea hesabu. Kitabu kinachapwa upya. Niambie tena ulichokiona, nikiandike kama kilivyo.”

“Sijui, mwalimu.”

“Hujui nini, mama?”

“Nilichokiona. Zamani nilikuwa nikifumba macho namwona yule mtu na bastola yake. Halafu kitabu kikasema sivyo. Na wewe ndiye uliyenisomeshea wanangu, si mtu wa kuropoka. Nikasema, basi, macho yangu ndiyo yaliyonidanganya. Sasa nikifumba macho sioni mtu.”

“Lakini alikuwa Wijepala, mama. Ulimtaja.”

“Wijepala namjua.” Aliyatazama yale majani. “Nilimpelekea tambuu kama hii. Nilimpigia magoti mbele ya wanawe, nikamwomba radhi kwa kumsingizia. Akaniwekea mkono kichwani. Akasema amenisamehe.”

Machozi yalimtoka Jinadasa, mzee wa watu.

“Kumbe alikuwa anajua,” Heenmenike akasema polepole. “Mkono uko kichwani mwangu, na anajua.”

Majani hakuyapokea. Aliinuka, akaingia ndani, akamwacha mwalimu amepiga magoti uani.