Sahihi ya Marehemu

Kila mwaka ubalozi huileta bendera hotelini ndani ya mfuko wa nailoni, ipigwe pasi kabla ya sherehe ya siku ya taifa. Ni kitambaa kibishi. Ukizidisha moto kinang'aa vibaya, ukiupunguza, mikunjo inakucheka. Mpiga pasi anakijua kwa sababu ni bendera ya kwao, na ana miaka kumi na mmoja katika chumba cha chini cha kufulia nguo, kati ya mvuke na mashuka ya wageni.

Mwaka huu alipofika kwenye upindo wa mwisho, mdogo wake alitoka chini ya kitambaa, akaketi juu ya kapu la taulo. Maji ya mto wa kwao yalimchuruzika kama kawaida. Ndoo na tambara vilikuwa tayari.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba, Chaki. Vua shati nilinyooshe."

Chaki ni jina la nyumbani. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mikono ya mashati yake haikukosa vumbi jeupe. Miaka tisa iliyopita, siku kama hiyo, alisimama kando ya gwaride ameshika karatasi iliyouliza walimu wenzake watatu wamepelekwa wapi. Akapelekwa na yeye. Serikali ikamwandikia mama yao kwamba kijana wake amesafiri. Tangu hapo mama hupakua sahani mbili na mlango wake hautiwi komeo.

Mpiga pasi alilinyoosha shati, akalizunguka kwa ncha ya pasi lile tundu lililo chini ya mfuko.

"Mwaka huu hatutoki bila cheti cha kifo," alisema. "Mama amechoka kungoja. Alie, amalize, afunge mlango."

Walipanda hadi ukumbini. Karani wa ubalozi alikuwa mlangoni na daftari la wageni. Hakuwa mtu mbaya. Aliulizia hali ya mama, akavuta viti viwili.

"Marehemu ni nani?"

"Huyu hapa."

Karani alimtazama Chaki toka utosini hadi kwenye mguu usio na kiatu. "Pole sana, ndugu yangu."

"Asante," akasema Chaki.

Lakini kulikuwa na tatizo. Karani alifunua kurasa za nyuma, akawaonyesha sahihi nane, moja kwa kila sherehe, zote kwa mwandiko safi wa kialimu. Mtu aliyehudhuria sherehe nane za taifa hawezi kuandikwa kwamba alikufa kabla ya hizo.

"Ulisaini ya nini, Chaki?"

"Nilipewa kalamu, Dada. Mama alitufundisha, ukiingia kwa watu ujitambulishe."

"Waliomuua ndio wenye sherehe," mpiga pasi akamwambia karani.

"Hilo halina nafasi kwenye fomu, dada yangu. Ila asipoonekana miaka saba mfululizo, tutalipokea ombi."

Mama yao alikuwa na miaka themanini na mmoja.

Ndani wakaanza kupiga wimbo wa taifa. Mpiga pasi aliichukia nchi ile. Hata hivyo aliimba beti zote, hakuruka neno, machozi yakimwagika. Bendera ilining'inia bila kunjo hata moja. Aliionea fahari, kisha akajionea hasira. Watu husema nyumbani ni nyumbani ingawa pangoni. Aliyetupwa mtoni hawakumtaja. Pembeni yake Chaki alisimama wima, mikono ubavuni, akiimba kwa sauti ileile ya kukosea noti ambayo nyumbani walikuwa wakimtania kwayo.

Wimbo ulipokwisha, karani alinyoosha kalamu. Chaki hakuipokea. Alimtazama dada yake.

Miaka saba bila yeye, bila kapu la taulo kulowa. Mpiga pasi aliichukua kalamu yeye, akaifuta kwa aproni, akamkabidhi mdogo wake.

"Saini," alisema. "Uandike vizuri."

Chaki akasaini. Karani akakausha ukurasa kwa leso, akawakaribisha ndani.

Jioni mama alipiga simu.

"Amekuja?"

"Amekuja, Mama."

"Amekondeana?"

"Yuko vilevile. Nimempigia shati pasi."

Mpiga pasi alisikia sahani zikiwekwa mezani, ya kwanza, halafu ya pili.

"Haya, mwanangu," mama akasema. "Mlango nimeuacha bila komeo."