Goti la Kushoto, Nakala Mbili

…na tena wameyaandika kwa herufi kubwa, NATAKA KUJUA, kisanduku, SITAKI KUJUA, kisanduku, kana kwamba mtu wa miaka hamsini na minane hajui anachotaka mpaka achorewe kisanduku, na chini yake mstari wa sahihi, na chini ya sahihi mstari wa tarehe, na chini ya vyote maandishi madogo kama sisimizi yanayosema kwamba mshiriki asiyetaka kujua atathibitisha kwa sahihi yake, nakala mbili, kwamba hajui, fundi akayasoma kwa mara ya tatu na kicheko kikampanda hadi kooni kikaishia hapohapo, maana tangu azaliwe hajawahi kuombwa sahihi kwa jambo asilolijua, angeombwa kwa yote asiyoyajua wino ungemwishia akiwa bado shule ya msingi, lakini kicheko hakikutoka, na goti la kushoto, ambalo ndilo lililowakutanisha wote chumbani humu, yeye na fomu na yule karani wa utafiti aliyempa kisogo akiongea na simu, lilikuwa limetulia chini ya meza kama mtoto aliyelala kwa tabu, na fundi alikuwa hata hapumui vizuri asije akaliamsha. "Sasa kama ufunguo uko kwako, na wewe uko kwenye semina," karani alikuwa anasema, "mimi hili kabati nilifungue kwa kucha?" Kabati lenyewe la chuma, la kijivu, liko hapo pembeni, na ndani yake bahasha, na juu ya bahasha namba mia moja na saba, ndiye yeye huyo, katika utafiti huu hana jina, ana namba na ana goti, na ndani ya bahasha karatasi moja inayosema ama walilitengeneza ama hawakuligusa… vigae vya chumba hiki navyo vimelazwa na nani, mstari unakwenda kama nyoka mlevi, na hiki chini ya kiti kiko tupu kwa chini, akikigonga kwa kisigino kinaitika kama debe, na bado kimekaa miaka, kimekanyagwa na wagonjwa wote hawa wala hakijapasuka… hapana, asifikirie hilo, afikirie kisanduku.

Miaka miwili iliyopita yule daktari wa mifupa, kijana mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, aliwapanga kwenye mabenchi akawaeleza bila kuwaficha, kwamba baadhi yenu tutawapasua kweli, matundu mawili madogo, tutaingiza kamera, tutalikata lile gegedu lililochanika ndani ya goti, na wengine tutawachana ngozi tu tuwashone, ndani hatugusi kitu, na hakuna atakayejua yuko kundi gani, si wewe, si muuguzi atakayekupima goti, mpaka miaka miwili iishe, maana siku hizi kuna tafiti zinazotutia shaka kama kisu hiki kinasaidia magoti ya umri wenu kuliko mazoezi matupu, na mama mmoja wa benchi la nyuma akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, tunakuja hapa kudanganywa?" na daktari akajibu bila kupepesa, "Kwa hiari yenu, mama, na mnatia sahihi," benchi zima likaangua kicheko, na fundi alitia sahihi, angefanyaje, wakati ule kupiga magoti alikuwa hawezi, na fundi vigae asiyeweza kupiga magoti ni mtu tu mwenye ndoo. Akapona. Hilo nani atalikataa, akapona, mwezi wa nane alilaza vigae korido nzima ya shule, kutoka mlango wa ofisi hadi vyooni, siku nne yuko chini, na kila alipoinuka aliinuka mwenyewe bila kushika ukuta, kwa hiyo goti ni zima, na goti zima lina haja gani ya bahasha, maana karatasi ikisema hatukuligusa, je… goti halisomi, anajua, goti ni mfupa na nyama, lakini mwenye goti anasoma, na mwenye goti akishajua kwamba ndani ya goti lake hamkuingia mtu, kesho akilikunja si atalisikiliza, na ukilisikiliza goti litakosa la kusema? Mkewe asubuhi alilimaliza shauri lote akimimina chai, "Nenda, tia sahihi kwamba hujui, urudi. Na ukirudi unachechemea, usinisimulie habari za utafiti," naye akakubali, alitoka nyumbani na tiki yake kichwani, kisanduku cha pili, kazi ya dakika moja, angekuwa ameshafika kazini saa hizi kama si Timazi.

Kama si Timazi. Huyo ni mwenzake wa miaka ishirini na ushei, jina la Timazi alipewa kwa sababu alikuwa akitazama ukuta kwa jicho tu anakwambia umepinda kwa unene wa kucha, na sasa aliyepinda ni yeye, goti la kulia limemvuta upande mpaka watu wanampisha mlangoni wakidhani anageuka, na jana mchana wakiwa wanakula, amekalia ndoo iliyogeuzwa, akatangaza mbele ya wote, "Jumatatu, ndugu zangu! Jumatatu saa mbili asubuhi nalazwa, na kwangu si mambo ya utafiti, ni kisu cha kweli kweli!" Wakamuuliza si daktari alimwambia aanze na mazoezi miezi mitatu kwanza, kwa sababu ya sukari, kwa sababu ya kile kidonda cha mguuni kilichokaa miezi minane hakitaki kufunga, na Timazi akapangusa mdomo, "Nikamwambia, daktari, mimi nina shahidi. Mwenzangu amepasuliwa goti kama hilihili, leo anapiga magoti kama mtu anayechumbia!" na akamnyooshea fundi mkono, na wote wakageuka, na fundi alifanya nini, alicheka, akalipiga goti lake kofi, paa, kama muuza matikiti, lipo hili mnaliona… Shahidi. Hata neno labda hakusema. Mwanzoni aliwahi kuwaambia, siku zile za kwanza, kwamba kuna makundi mawili na hajui yuko lipi, lakini hadithi ukiirudia kazini unaipunguza pale inapogusa ukuta, mara ya pili makundi yakawa maneno mengi, mara ya tatu ikabaki nimepasuliwa nimepona, imekaa vizuri, haina pengo, na Timazi ameichukua hivyohivyo akaenda nayo kwa daktari, na Jumatatu ni keshokutwa tu, na mguu wenye sukari ukichanwa…

Likaguna. Goti. Hapo chini, upande wa ndani, palepale pa zamani, si maumivu hasa, ni kama mtu aliyeitwa jina chumba cha pili akainua kichwa, fundi akalinyoosha polepole, akalikunja, likaguna tena, na karani akageuka, "Samahani mzee wangu, dakika moja tu, wanatafuta ufunguo wa akiba, ila kuutoa unahitaji barua," na fundi akasema, "Hakuna haraka, mwanangu," na hajawahi kusema neno la adabu likawa la kweli kiasi hicho. Kwa hiyo limeanza. Bahasha haijafunguliwa, kabati halijafunguliwa, na limeanza, basi linasubiri nini huko kwenye karatasi… na hapo ndipo iliporudi ile sauti, hakuiita, miaka miwili amekuwa akipita mbali nayo kama mtu anayekwepa duka analodaiwa, amelala chali, ganzi kuanzia kiunoni, pazia la kijani mbele ya uso, maji yanachuruzika kwenye beseni, na mashine yao inalia huko nyuma ya pazia, kachombo kadogo ka kukatia, na yeye ameishi na mashine ya kukatia vigae miaka thelathini, hata akiwa amempa kisogo mtu anayekata anajua, kisu kikigusa kigae sauti inashuka, inakuwa nzito, mashine inakula, na kikizunguka hewani sauti inapanda, nyembamba, inaimba, na pale kitandani sikio lilifanya kazi yake bila kutumwa, likasubiri ishuke, haikushuka, iliimba tangu mwanzo hadi mwisho, haikula hata mara moja, na muuguzi aliyesimama kichwani pake akamuuliza, "Baba, uko salama?" naye akajibu, "Mashine yenu nzuri, haichoki," na muuguzi, akikumbuka vizuri sasa, muuguzi alitazama pembeni.

Alijua. Kabla hawajamshona alijua, akaliweka mahali, akaweka na mengine juu yake, na goti likapona huku mwenyewe anajua, korido ya shule aliilaza anajua, basi hii hofu ya leo ni ya nini, ni sawa na mtu anayeogopa kuambiwa jina lake… Ila labda gegedu ni laini. Labda si kama kigae, labda mashine inalikata kama siagi na sauti haishuki, yeye ni fundi vigae, si fundi wa binadamu, na huwezi kwenda kwa Timazi na sikio, Timazi atacheka mpaka ndoo ianguke, "Ulisikia mashine! Umelala na ganzi nusu mwili, ulisikia mashine!" Timazi anaheshimu kitu kimoja tu duniani baada ya pimamaji, nacho ni mhuri, mwonyeshe karatasi yenye mhuri atavua kofia hata kama ni risiti ya maji. Kwa hiyo karatasi. Kwa hiyo kisanduku cha kwanza… na ikisema walikata? Ikisema walikata basi Timazi yuko sahihi, aende Jumatatu, kila mtu apumzike, fundi akataka kupumzika hapo na akashindwa, maana kuna kiti. Kile kiti cha jikoni. Wao wote, waliokatwa na wasiokatwa, walipelekwa kwa yule mama mwembamba wa mazoezi ya viungo, aliyewashika magoti kwa mikono mikavu akawaambia goti kuuma si lazima liwe linaharibika, litumieni, taratibu, kila siku, na akawapa kazi, kaa, inuka, mikono umeifunga kifuani, mara kumi, pumzika, mara kumi tena, kisha ngazi, kisha mfuko wa mchanga kwenye kifundo cha mguu, wiki kumi na sita, na mkewe anahesabu huku anakata vitunguu, "Sita… hapana, hiyo umeegemea meza, siihesabu," na wiki ya tano alilia, mtu mzima, akasingizia vitunguu, na mkewe akaendelea, "Sita." Na nani kazini aliwahi kusikia habari za kiti? Hakuna. Si kwamba alisahau, makundi alisahau kuyataja, kiti alikificha, kwa sababu mwanaume aliyepasuliwa anarudi na kovu anakaribishwa kama ametoka vitani, na mwanaume aliyeponeshwa kwa kukaa na kuinuka jikoni, anahesabiwa na mkewe kama mtoto wa chekechea, huyo anakaribishwaje. Na jana Timazi alipofika hapo, "Miezi mitatu eti nikae niinuke, nikae niinuke, kwani mimi ni swichi?" nani alicheka kuliko wote, nani alipaliwa na chai akapigwa mgongoni… Kumbe hata karatasi ikisema walikata. Hata ikisema wamemtia goti jipya la dhahabu. Miezi mitatu ile ya Timazi si daktari aliyeikata wala si mashine, ni yeye, na aliikata ili asionekane amekaa kwenye kiti.

Goti sasa linauma waziwazi, bila aibu, pengine kwa hofu, pengine kwa kukaa robo tatu ya saa kwenye kiti cha plastiki, na fundi akaliacha liume, alikuwa na shughuli nyingine, alikuwa anatafuta namna ya kuanza, Ndugu yangu, kabla ya Jumatatu… hapana, Timazi, sikia, mimi sikuponywa na… hapana, angeanza na mkewe na vitunguu, waanze kucheka mapema wamalize, halafu aseme wiki ya tano nililia, halafu amwambie nipe hiyo miezi mitatu, nitakuhesabia mwenyewe, na karatasi ataiweka mezani, iseme itakavyosema, na asingemvuta pembeni kumnong'oneza, angesema wakati wa kula, wote wapo, maana alicheka mbele ya wote. "Barua nani ataisaini kama mwenye kusaini ndiye yuko kwenye semina?" karani alikuwa anasema, kwa upole wa mtu aliyekwisha kukata tamaa. "Nataka kujua," fundi akasema. Karani, simu kaibana kati ya sikio na bega, akamwinulia kidole kimoja bila kugeuka, subiri kidogo. "Nataka kujua," akasema tena, kwa sauti ya juu zaidi, asije akabadilika.