Haya ya Solanki

Kitendawili: watoto kumi na mmoja, mama wanne, kofia moja. Wala usijisumbue kunipa mji, nakwambia mwenyewe: ni ile timu ya kriketi ya zamani, ya pamoja, ya Tanzania, Uganda, Zambia na Malawi. Nchi moja peke yake haikutimiza wachezaji wa maana, basi wakachangiana, kama wanawake wanavyoazimana masufuria ya shughuli. Siku za safari kila mtu na chakula chake: wa Kampala na ndizi zao, wa Lusaka wakiuliza unga uko wapi, na Jayant Solanki wa Upanga na chapati za methi, yale majani ya uwatu, alizofungiwa na mkewe Hansa, ambazo wenzake walizimaliza kabla ya mpaka.

Timu ilivunjwa, kila mama akachukua wanawe. Miaka kumi na tisa baadaye klabu ya Dar ikamwomba Jayant aandike historia ya timu hiyo, kitabu chembamba, mchapaji akitaka karatasi zote Jumatatu. Jayant ni fundi saa, mtu wa vitu vidogo vidogo. Aliandika kila mechi, kila mvua, hata kofia iliyoliwa na mbuzi Blantyre. Ukurasa wa mwisho ndio uliomkaa kooni.

Mechi ya mwisho ilichezwa Lusaka, dhidi ya Namibia. Ilibaki mikimbio miwili washinde, na wiketi moja tu: akitolewa mmoja zaidi, mchezo umekwisha. Jayant akaupiga mpira, akaita, akakimbia. Upande wa pili, wa kukimbia naye wapishane, alikuwa Lazaro Zimba, mtoto wa Chipata aliyehamia Lusaka. Zimba hakuondoka. Jayant akanaswa katikati ya uwanja, vijiti vya wiketi vikaangushwa nyuma yake, akatolewa, wakafungwa kwa mkimbio mmoja. Zimba alizomewa kwao, mbele ya mamake. Kwenye chumba cha kuvalia akasema Solanki ndiye aliyemzuia. Jayant akamwita mwongo. Nahodha akawanyamazisha, basi likaondoka kwenda uwanja wa ndege. Hawakusemezana tena. Na Zambia ilipounda timu yake, haikumwita Zimba. Nani anamtaka mtu anayegoma?

Jayant aliandika hivi: "Zimba alikataa kukimbia." Hansa, aliyekuwa akimsomea makosa, akaweka kalamu chini, akamwuliza kama amemsikia mwenyewe anasemaje. Jayant akajibu kwamba hakuna cha kusikia, yeye aliita na dunia nzima iliona.

"Baba Nimesh, mtu humwandiki kama marehemu naye yu hai," Hansa akasema. "Mpigie."

Alizunguka na jambo hilo Jumamosi nzima. Jumapili asubuhi, baada ya chai, akapata namba kwa yule nahodha wa zamani aliyeko Kampala, akapiga, simu ikawa mezani, sauti wazi, Hansa akichambua dengu pembeni.

Salamu zilikuwa kavu, kwa Kiingereza, lugha yao ya timu. Zimba alisema anafuga kuku siku hizi, miguu inamsumbua. Jayant akamweleza kitabu, halafu akamsomea ile sentensi, maana hakuwa mtu wa kusema nyuma ya mtu.

"Ungeniua tu siku ile, mzee, ingekuwa nafuu," Zimba akasema. "Ulinikataza mwenyewe."

"Nilikuita, Zimba. Tulikubaliana wote, timu nzima: Yesi ni kimbia, No ni baki. Nilisema Yesi."

"Yesi gani? Ulipaza sauti kama unafukuza ng'ombe: Aya! Sasa mimi kwetu mtu akiniambia ayi, ni hapana. Mamangu alikuwa akiniambia ayi tangu natambaa. Ningekimbiaje?"

Jayant akafungua kinywa amkanushe. Lakini Hansa alikuwa ameshaanza kucheka, dengu zinamwagika mapajani.

"Haya," akasema. "Umesema haya. Wateja unawaambia haya, paka haya, mimi haya. Kwenye arusi yetu, kuhani alipomaliza kusoma ulimwambia nini?"

"Haya," Jayant akasema, polepole.

Zimba akauliza haya maana yake nini.

"Twende," Jayant akamjibu. "Maana yake twende."

Hakuna aliyecheka sasa, hata Hansa. Mtu mmoja alisema twende, mwenzake akasikia usiende, na wote wawili walikuwa wakweli. Lakini kanuni ilikuwa Yesi, na aliyeivunja alikuwa mmoja. Jayant akavuta karatasi. Akafuta, akaandika, kisha akasoma kwa sauti ili Zimba asikie: "Solanki aliita kwa Kiswahili, kinyume cha makubaliano. Zimba alisikia hapana ya kwao, akabaki mahali pake kama ilivyompasa. Kosa lilikuwa la Solanki."

"Soma tena hapo mwisho," Zimba akasema.

Akasoma tena. Zimba akakohoa, akasema kuna shemeji yake pale Chipata atakayetumiwa nakala ya kwanza, na nyingine wapewe wale wanaomwita Mgomaji kilabuni.

"Na uweke mikimbio yangu ya siku ile," akaongeza. "Arobaini na moja, sikutolewa."

Jayant akafunua daftari la alama, akafuata mstari kwa kidole.

"Thelathini na tisa."

"Arobaini na moja, Solanki. Hesabu vizuri."

"Nimelishika hapa, bwana. Thelathini na tisa."

Hansa akasogeza ungo karibu, akaanza kuokota dengu.