Moyo Wangu na Shangazi Sekela

Nimelala mchana, kifua kinarukaruka, mapigo mawili, kimya, kisha matatu ya haraka, na nje ya dirisha mdogo wangu Ambokile anawaambia ndugu kwamba Shangazi Sekela ndiye anayeuchezea moyo wangu, leo lazima ahame. Nataka kuinuka nimtetee mama huyu aliyenilea, lakini kitanda kinafunguka kama mlango na ninatokea barabarani. Barabara haina mwisho. Inapita katika mji wa vioo, na ndani ya kila kioo umesimama ukoo wangu, hawana nyuso, wana vidole tu, na vidole vyote vinamwonyesha shangazi. Mmoja anasema, mtu wa makamo haugui moyo, huo ni ugonjwa wa wazee na matajiri. Mwingine anasema, juzi si alipimwa, mashine ikaonyesha mzima? Basi karogwa. Nawaambia, daktari kasema moyo una umeme wake, umeme ukikosea njia mapigo yanaruka, baadaye yanaweza kutulia yenyewe, na siku ile ya kipimo yalikuwa yametulia. Wanacheka. Umeme, kaka? Basi luku imeisha, kanunue umeme mwingine. Natembea kuwakimbia, barabara inazunguka na kunirudisha pale pale, hadi kiongozi wa njia asiye na uso ananishika mkono. Namuuliza, nani anaugonga moyo wangu? Anajibu, anayegonga kutoka ndani hakupita mlangoni. Namwambia, sema wazi, mimi shule niliishia darasa la tano. Anasema, hakuna aliyeingia, ni moyo wenyewe. Namwambia, basi njoo ukawaambie. Anasema, kwa mdomo gani? Natazama, hana mdomo. Najitazama kwenye kioo, na mimi sina.

Naamka, au nadhani naamka. Mapigo yamenyooka. Dirishani namwona shangazi anapotelea migombani, godoro kichwani, hageuki nyuma. Ambokile anaingia anatabasamu. Unaona, kaka? Katoka tu, moyo umetulia. Namwambia, umetulia wenyewe, na utaruka tena. Ukiruka tena, anasema, basi ana mwenzake humu ndani. Ambokile anamtazama mke wangu anayeniletea maji. Najibana mkono nijue kama nimeamka kweli, na hapo hapo pigo moja linakosekana.