Kopo Kwenye Mfuko wa Koti

Bwire alimteremsha abiria karibu na foleni ya malori yanayongoja kuvuka kuingia Uganda, kisha akajifanya anakagua mnyororo wa pikipiki. Mnyororo haukuwa na shida. Alichuchumaa nyuma ya gurudumu la lori ili apate kujikuna.

Tangu mvua zianze, kinena kilimwasha kama mtu aliyekalia upupu. Alishinda juu ya kiti cha plastiki cha pikipiki, amevaa suruali mbili kwa ajili ya baridi ya alfajiri, jasho la mchana likikaukia humo humo. Echodu, mwenzake wa stegi ya bodaboda, alimpa siri: mafuta ya kujichubua, yale ya akina mama, yanayouzwa ng'ambo ya mpaka. "Paka hiyo, boss. Utalala kama mtoto."

Kweli alilala. Mwasho ulitulia, kisha ukarudi umeenea hadi mapajani na makalioni. Kadiri ulivyoenea ndivyo alivyozidi kupaka.

Lakini kilichomuuma zaidi hakikuwa ngozi. Nyumbani kwake, kijijini Mundika, alikuwa amehamia kwenye kochi, akimwambia mkewe, Nerima, kwamba mgongo unamsumbua. Nerima aliuliza siku za kwanza, kisha akanyamaza. Mwanamke akiacha kuuliza, ameshajijibu.

Asubuhi hiyo alikuwa amejaribu zahanati. Karani wa dirishani alimuuliza anaumwa nini, naye akasema ngozi. Ngozi ya wapi? Bwire akainamisha kichwa. Akina mama wenye watoto mgongoni wakageuka kumtazama.

"Kama ni huko, mzee, lete bibi," karani alisema kwa sauti ya sokoni. "Hapa hatutibu nusu."

Ndivyo walivyozoea pale. Mwanamume mwenye shida ya chini ya mkanda ni mzinzi wa kutibiwa pamoja na mkewe, na hakuna anayemkagua.

Mchana alipita nyumbani kubadilisha nguo. Alimkuta Nerima uani, koti lake la kazi limelowekwa kwenye beseni, na kopo la yale mafuta, lililotoka mfukoni, limekaa juu ya jiwe.

"Ni ya nani hii?"

"Ni yangu."

"Unataka kuwa mweupe, Baba Winny?"

Alisema polepole, na upole huo ukamtisha Bwire kuliko kelele. Angeweza kusema kopo ni la abiria aliyelisahau. Badala yake alimshika mkono, akamwingiza ndani, akafunga mlango. Akafungua mkanda. Alisimama karibu na dirisha, suruali magotini, uso umeelekea ukutani kama mtoto anayengoja sindano.

Nerima alipiga magoti akatazama kwa muda. Kisha akagusa ukingo wa kiraka kilichoenea pajani kwa ncha ya kidole.

"Hii ni choa," alisema. "Kama ile ya kichwa cha Winny. Na wewe unailisha mafuta."

"Nilijua utasema nimetoka nje."

"Nimekuwa nikisema. Kila usiku, peke yangu kitandani."

Akaegemeza paji la uso kwenye nyonga yake, mabega yakitikisika. Bwire hakujua kama analia au anacheka, akamwekea mkono kichwani.

Nerima alimwosha kwa maji ya vuguvugu, akamkausha kwa leso safi, akamchagulia suruali moja, ile pana. Kisha akapanda pikipiki nyuma yake, wakarudi zahanati.

Karani alipomwona bibi, akawapitisha. Ndani, daktari kijana alikuwa na macho kwenye karatasi. Aliuliza umri wa Bwire, akaanza kuandika dawa za magonjwa ya zinaa za watu wawili.

"Daktari, hujamwona," Nerima alisema.

"Mama, foleni ni ndefu."

"Naiona. Mimi nimeshamwona. Sasa mwone na wewe."

Nerima aliinuka, akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo. Nje mtu alibisha. Hakusogea.

"Vua, Baba Winny."

Daktari akaweka kalamu chini.